Hodi Baada ya Wimbo wa Saba

Mzee Hakimu hakwenda Muhuta kutafuta mashetani, jamani. Alikwenda kutafuta mashine. Ninalisema mapema kwa sababu hapa Rumonge kuna midomo isiyojua kupumzika, na midomo hiyo inasema mzee alikwenda kwa mganga. Uongo mtupu. Alikwenda kuonana na zamu, mlinzi wa nyumba tu kama walinzi wengine, na alipanda moto, pikipiki ya kukodi, jua likiwa linateremkia milima ya Kongo. Mfukoni mwa koti alikuwa na CD moja, kaifunga kwenye kipande cha kanga.

CD hiyo ndiyo kisa chote.

Ndani yake mlikuwa na sauti ya mke wake, Chausiku. Enzi hizo Hakimu alikuwa mtu wa kukodisha spika na mashine za muziki kwenye harusi, kuanzia Rumonge mpaka Nyanza-Lac, na Chausiku alikuwa ndiye muimbaji. Siku moja walikwenda Buyenzi, kule Bujumbura, kwenye kichumba cha kurekodi, akaimba nyimbo saba. Zikatoka CD chache, zikagawiwa, zikapotea kama vitu vya kugawiwa vinavyopotea. Halafu Chausiku akavuka ziwa kwenda Baraka kwenye msiba, na wakati wa kurudi boti ikazama. Wengine waliopolewa. Yeye hakuopolewa. Watu wakamswalia bila maiti, wakala, wakatawanyika. Hakimu akabaki na kitanda kipana na CD moja iliyokwaruzika.

Na ilikuwa imekwaruzika kweli! Kila mashine ya sokoni ilizungusha CD ile kidogo, ikakohoa, ikaikataa. Hawakujaliwa mtoto ambaye angalau angecheka kama mama yake. Hakimu alikuwa ameanza kuisahau sauti yenyewe. Maneno aliyakumbuka, lakini ile sauti ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, na hilo lilimuumiza kuliko msiba.

Ndipo akakumbuka mashine ya yule mzungu wa mawese.

Mzungu huyo alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya kukamulia mawese, na alijenga nyumba Muhuta, pembeni kabisa mwa ziwa. Zamani Hakimu aliwahi kumfungia spika. Mashine yake ya CD aliiona kwa macho yake, na mzungu alimwambia kwa majivuno kwamba ile haijawahi kukataa CD, hata iliyokanyagwa na ng'ombe. Sasa mzungu hayupo. Ziwa nalo miaka hii limepanda, limekula nyumba za watu kuanzia Muhuta mpaka kwetu, na nyumba yake ilikuwa na maji mpaka kwenye madirisha ya chini. Alibaki zamu peke yake, jina lake Olivier, analinda paa.

Hakimu akasimama getini.

"Hodi!"

Kimya. Lakini taa ya chemli ilikuwa inawaka ndani ya kibanda.

"Hodi hapo! Hodi jamani!"

Kimya tena. Alipogeuka aondoke, akamwona mtu ametokeza ubavuni mwa ukuta, amezunguka kwa nyuma, anamchungulia usoni na miguuni.

"Weye ni nani?" akanong'ona Olivier.

"Amahoro, kijana. Mimi ni Hakimu wa Rumonge. Mtu akipiga hodi anaitikiwa, au siku hizi hamfundishwi?"

"Hapa hatuitikie, muzee."

Hakimu akamwona hana adabu, basi. Akaeleza shida yake. Olivier hata hakumwacha amalize. Aliingia ndani, akarudi amekumbatia kitu kilichofunikwa shuka, anatembea upande upande kwa uzito. Hakimu akaingiza mkono mfukoni atoe pesa, Olivier akarudi nyuma.

"Hapana. Chukua tu. Chukua wende nayo."

"Murakoze sana, mwanangu."

Olivier alikwisha funga geti.

*

Niseme nini juu ya mashine ile? Hakimu ameshika mashine nyingi, lakini ile ilimfanya anawe mikono kwanza. Uso wake ulikuwa bamba nene la aluminiamu lenye rangi ya mchanga mkavu, na pembeni mbao zilizopigwa msasa zikang'aa. Vitufe vilikuwa vizito, ukibonyeza vinashuka polepole, havipigi kelele. Miguu yake ilikuwa ya shaba, mitatu, yenye ncha, ili mtetemeko wa sakafu usiifikie. Haikuwa na ile droo ya kutoka kama ulimi. Ulisukuma kifuniko juu kwa mkono wako, kikateleza nyuma, na chini yake pakaonekana shimo la mviringo, jeusi, na kijicho cha kusomea mle ndani. Uliweka CD. Juu yake ukaweka kizito cha shaba, mfano wa kifuniko cha chupa, kikainasa katikati. Ndipo unafunga. Waliotengeneza kitu kile hawakuwa na haraka maishani, na Hakimu aliwapenda kwa hilo.

Akaiunganisha na spika zake mbili za zamani. Isha ilikuwa imekwisha swaliwa. Akabonyeza.

Namba ikawaka, rangi ya kaa la moto. 1.

CD ikazunguka. Haikukohoa.

Kwanza ikaja sauti ya kiti kinasogezwa, na pumzi ya mtu aliye karibu sana na kipaza sauti. Halafu Chausiku akauliza, kama alivyouliza siku ile Buyenzi, "Hakimu, iko inashika?"

Mzee alilia. Alilia kwa sauti, kamasi na machozi, na hakuona haya, maana nani angemwona? Mtaa mzima ulikuwa umehama kwa ajili ya maji. Nyuma ya nyumba yake ziwa lilikuwa limefika kwenye shina la mpapai. Aliyebaki ni yeye, na ng'ambo ya njia Marguerite, Mkongomani wa Fizi, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye sisi wote tunamwita Mama Espoir.

Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Alikaa kitini akiwa amefumba macho mpaka wa saba ulipomalizika. Alipofumbua, namba haikuwa imezima.

8.

Hakimu akainuka kidogo. Nyimbo zilikuwa saba. Yeye mwenyewe ndiye aliyezihesabu na kumlipa fundi.

Spika zilitoa kimya. Lakini kimya kile kilikuwa na kitu ndani yake... maji. Maji yanayogonga mbao, taratibu.

Halafu, "Hodi."

Sauti ya Chausiku.

"Hodi..."

Ilikuwa karibu zaidi. Hakimu alisikia harufu ya tope la ziwa, ile harufu ya chini kabisa, ambayo wavuvi huipata nanga inapopanda.

"Hodi."

Sasa wewe uliyelelewa kwa Waswahili, niambie. Mtu akipiga hodi ya tatu mlangoni kwako, utafanya nini? Ulimi una njia yake. Hakimu hakufikiri hata kidogo.

"Karibu!" akasema. "Karibu ndani."

Namba ikazima.

Pazia la mlangoni likatulia, likasogea, likatulia. Kile kiti cha pili, kiti ambacho hakikukaliwa tangu msiba, kikalia. Kikalia vile vile kinavyolia mtu anapojishusha taratibu.

Na mzee alifanya nini? Akakimbia? Thubutu! Akachekelea. Akamwambia yule aliyekaa habari zote: mpapai, bei za sokoni, nani kafa, nani kahamia Kizuka. Upweke ni ugonjwa, ndugu zangu. Mtu mwenye njaa haulizi chakula kimepikwa na nani.

*

Kesho yake jioni alitandika kitambaa cha meza. Akaweka vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Nyimbo zilipigwa, zikafika saba, na kabla ya ile namba kuwaka umeme ukakatika. Mtaa wote giza. Feni ikasinzia, friji ikanyamaza.

Mashine haikunyamaza.

8, ikaandika gizani.

Safari hii hapakuwa na hodi. Mgeni aliyekwisha karibishwa ana haja gani ya hodi? Kiti kilikuwa kimekwisha lia.

"Chausiku," Hakimu akanong'ona. "Ni wewe?"

Pumzi tu. Pumzi nzito, yenye maji.

"Sema basi neno moja. Niambie hata, Hakimu mjinga wewe."

Umeme uliporudi, kiti kilikuwa kitupu, mto wake umelowa. Kikombe cha pili kilikuwa kimekwisha. Ndani ya kikombe, chini kabisa, mahali pa masalia ya majani ya chai, palikuwa na mchanga na kijikonokono cha ziwani, na kilikuwa hai, kinatembea.

Hapo ndipo moyo wa mzee ulipopiga paa.

Asubuhi alivuka njia. Mama Espoir alikuwa anaanua ndagala kutoka kwenye turubai na kuzijaza kwenye magunia, maana Jumamosi alikuwa anahamia Kizuka kwa mwanawe. Hakimu alimwambia yote. Mama hakucheka. Aliacha kazi.

"Alipiga hodi?" akauliza.

"Mara tatu."

"Kwake mwenyewe?"

Hakimu akageuka kuutazama mlango wake ng'ambo ya njia.

"Muzee Hakimu, miye ni mukristo, mambo ya majini siyajue. Lakini Chausiku nilikaa naye miaka. Hata siku moja sikumusikia anapiga hodi kwa ule mulango. Alikuwa anaingia tu, anatupa kapu, anauliza nani ameacha mwiko wake kwa jua. Mutu hapigi hodi kwake."

Maneno hayo yalimwingia Hakimu kama maji ya baridi mgongoni. Kweli kabisa. Mke hapigi hodi nyumbani kwake. Anayepiga hodi ni mgeni.

"Sauti ilikuwa yake," akasema. "Mama Espoir, ninaapa ilikuwa yake."

"Sauti inaweza kuwa yake. Mwenye kuibeba je?"

"Basi nitamfukuza."

"Wamufukuza namna gani? Weye ndiye ulimukaribisha. Tupa ile mashine kwa ziwa. Na ile CD pia."

"CD?" Hakimu akatikisa kichwa. "Hapana. CD hapana. Nikitupa hiyo nimebaki na nini?"

Mama Espoir akarudi kwenye magunia yake. Akamfungia ndagala kidogo kwenye gazeti, akampa.

Sasa hapa ndipo ujanja wa mzee ulipomponza, na ninasema hivi nikimwonea huruma. Alirudi nyumbani anawaza: kumfukuza mgeni ni aibu, lakini wazee walituachia njia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili zimekwisha. Akatoa jembe lake stoo, akalifuta vumbi, akaliegemeza kwenye kile kiti cha pili. Mgeni mvivu akiona jembe huaga mwenyewe. Alifurahia akili yake. Kwa njia hiyo mgeni ataondoka na CD itabaki.

Jioni ile mashine hakuiwasha yeye. Ilijiwasha. Haikuimba hata wimbo mmoja, ilianzia 8.

Kiti kikalia.

"Mgeni wangu," Hakimu akasema. "Tumekulisha, tumekunywesha. Leo ni siku ya tatu. Jembe hilo hapo."

Halafu kitu kikacheka. Kicheko kilikuwa cha Chausiku, kile cha harusini. Mpini wa jembe ukakwaruza sakafu, polepole, kuelekea mlango wa uani...

Na namba ikazima.

Hakimu akajua amefaulu. Akatabasamu gizani. Akasema alhamdulillahi.

Ndipo akasikia, nyuma ya nyumba.

Chwa.

Chwa.

Chwa.

Jembe linalima udongo wa majimaji. Halikuchoka. Mzee alijifunika shuka gubigubi, akasoma kila aya aliyoijua, na nyingine akazichanganya. Hakuthubutu kwenda dirishani.

Palipopambazuka alikwenda. Karibu na mpapai palikuwa na shimo. Lilichimbwa vizuri, kuta zimenyooka. Ndani yake, upande mmoja, palichongwa mwanandani, pale pa kulaza maiti. Shimo limeelekezwa kibla sawasawa, na maji ya ziwa yalikuwa yanaingia chini yake taratibu. Jembe lilikuwa limelala ukingoni.

Lilikuwa kaburi refu. Chausiku alikuwa mwanamke mfupi.

*

Hakimu hakungoja kuswali magharibi ya siku ile. Jua likiwa bado lipo aliibeba mashine, akaliweka jembe juu yake, akaingia majini. Alipita kwenye baraza la jirani yake wa zamani, ambalo sasa liko chini ya maji, akafika mahali panapoanza kina. Aliisukuma. Ilikwenda chini kwa uzito wake, na jembe nyuma yake.

Akabaki amesimama, maji yamemfika kiunoni. CD hakuitupa. Aliitoa kwenye mashine kabla hajatoka, akaifunga tena kwenye kile kipande cha kanga, ikawa ndani ya shati, upande wa moyo. Alijiambia ubaya ulikuwa wa mashine. CD haina kosa. Siku moja atapata mashine nyingine...

"Hodi."

Ilitoka ndani ya shati lake.

Ilikuwa ndogo, ya mtu anayenong'ona akiwa amelala kifuani mwako. Hakimu akahisi kanga inalowa, na maji hayakuwa yamefika pale.

"Hodi..."

Aliing'ata midomo yake mpaka damu. Alichomoa kanga ile kwa mikono miwili, na kwa muda, jamani, hakuweza. Mikono ilikataa. Kama kungekuwa na mtu wa kumshika bega, huenda ingekuwa rahisi. Hapakuwa na mtu. Akairusha mbali alivyoweza kabla ya ile hodi ya tatu kufika. Kanga ikafunguka hewani, CD ikamulika mara moja kwa jua la mwisho, ikaingia.

Akarudi pwani anatembea kinyumenyume.

Shimo alilifukia kwa mikono. Na alipokuwa anafukia, wazo likamjia, na wazo hilo halijamtoka mpaka leo. Je, mtu aliyekufa bado ana kwake? Pengine mfu anakuwa mgeni hata nyumbani kwake, na inambidi apige hodi kama wageni wote. Chausiku hakuzikwa. Pengine alikuja kuomba kaburi tu, na akapewa jembe ajichimbie. Urefu wa shimo alioupima yeye aliupima akiwa na hofu, na hofu haina rula. Kama ni hivyo, basi ziwa lilimchukua mke wake mara ya kwanza, na mara ya pili yeye Hakimu ndiye aliyemtupa kwa mikono yake.

Ijumaa jioni mvua ilinyesha. Hakimu alikuwa amekaa kitini mwake, nyumba kimya, hana hata redio. Akasikia miguu uani.

"Hodi, Muzee Hakimu!"

Sauti ya Mama Espoir. Moyo wake uliruka kwa furaha, mdomo ukafunguka... akaufunga kwa kiganja. Sauti inaweza kuwa yake, mwenyewe mama ndiye aliyesema. Mwenye kuibeba je?

"Hodi! Ni miye. Kesho naenda, nimekuja kukuaga."

Machozi yalimtiririka kwenye vidole. Kiganja hakukiondoa. Alitamani kusema karibu kuliko alivyowahi kutamani chakula.

"Hodi, muzee..."

Kitu kikawekwa chini. Miguu ikaondoka. Hakimu akatega sikio ajue inapanda kuelekea barabarani au inashuka kuelekea ziwani, lakini mvua ilikuwa nyingi juu ya mabati.

Kisha, baada ya kitambo, ikaja tena. Sauti ile ile ya Mama Espoir. Hodi tatu. Safari hii hakusikia miguu ikija wala ikiondoka.

Asubuhi nyumba ya ng'ambo ilikuwa na kufuli. Mama Espoir alikuwa amekwenda Kizuka, na aliowaaga barabarani aliwaambia kwamba muzee amemnyamazia, amekuwa hana adabu uzeeni. Mlangoni kwa Hakimu palikuwa na sahani ya bugali na ndagala, imefunikwa vizuri kwa sahani nyingine, imepoa.

Kando ya sahani, limeegemezwa ukutani, palikuwa na jembe lake. Lilikuwa limeoshwa.

Sahani aliiingiza ndani. Jembe hakuligusa, bado lipo pale. Ukienda Rumonge ukapita kwake, usijisumbue kupiga hodi. Zunguka ubavuni, simama mahali atakapoiona miguu yako, ungoje.